Nimezikariri dhamira zote za Oedipus, mbona alama haziji?

BARUA YA MSOMAJI

Assalamu alaikum Mwalimu, na shikamoo.

Mimi ni msichana wa kidato cha sita, nyumbani kwetu ni Wete, na ninakaa dahalia katika skuli moja hapa hapa Pemba. Ninasoma tahasusi ya lugha, na miongoni mwa vitabu tulivyopangiwa katika fasihi ya Kiingereza kimo Oedipus Mfalme, tamthilia ya Sophocles, mtunzi wa Kigiriki wa kale. Kitabu chenyewe nimekisoma chote, tena kwa kukipenda, na madesa yaliyotufikia kutoka Unguja nimeyakariri hata ninaweza kuyasoma nikiwa nimefumba macho: majaaliwa, upofu, kiburi, ukweli, uongozi, hatia, na nyinginezo.

Katika mtihani wa majaribio tuliulizwa hivi: Je, Oedipus anaangamia kwa sababu ya majaaliwa au kwa sababu ya matendo yake mwenyewe? Nilizieleza dhamira zote nilizozijua, nikajaza kurasa, na nikatoka nikiwa na furaha. Karatasi iliporudi nilikuta sikufika hata nusu ya alama, na pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Umesimulia. Hukujibu swali." Ninakunukulia aya yangu ya kwanza kwa Kiswahili ili uione mwenyewe:

"Dhamira ya kwanza ni majaaliwa. Mwandishi ameonesha kwamba majaaliwa hayakwepeki. Oedipus alitabiriwa kuwa atamuua baba yake na kumuoa mama yake, akakimbia Corinth, lakini mwishowe utabiri ukatimia. Kwa hiyo tunajifunza kwamba binadamu hawezi kushindana na alichoandikiwa."

Nilipokwenda nyumbani nilimsomea babu yangu, ambaye anasomesha chuoni, naye akasema kwamba nilichoandika ndicho sahihi na kwamba mwalimu ndiye asiyejua, kwani kudra haipingwi. Mama naye alikisikia kisa chenyewe, akashika kichwa, akauliza ni mambo gani haya ya mtoto kumuoa mama yake tunayosomeshwa wasichana na wavulana chumba kimoja. Sasa nimebaki katikati. Mtihani wenyewe haupo mbali. Je, niendelee kukariri? Nimfuate mwalimu au babu? Na je, nikiongeza habari za Antigone, binti yake, ambazo mwenzangu ananiambia zinapendeza wasahihishaji, nitapata alama zaidi?

Ni mimi msomaji wako, Wete.

JIBU

Waalaikumu salaam, mwanangu, na marahaba.

Mwalimu wako amehukumu kwa haki, ingawa angeweza kukuongezea sentensi moja ya kukuonesha njia. Nimeisoma aya yako kama msahihishaji anavyoisoma, yaani upesi, na rundo la karatasi nyingine likimsubiri mezani. Kila kilichomo ni kweli. Kasoro yake ni kwamba ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajapata kukifungua kitabu, bali alihadithiwa kisa barazani. Hamna mhusika anayesema neno, hamna anayemjibu mwenzake, hamna tukio hata moja la jukwaani. Na hapa ndipo penye jambo kubwa ambalo madesa yako hayakukwambia: utabiri wa Delphi kwenye hekalu la mungu Apollo, kukimbia Corinth alikolelewa, kuuawa kwa baba yake Laius na ndoa na mama yake Jocasta, yote hayo yamekwisha kutokea miaka mingi kabla ya mchezo kuanza. Umeulizwa kuhusu tamthilia, nawe umejibu kwa hadithi ambayo Wagiriki waliokaa kuutazama mchezo huo walikuwa wakiijua tangu utotoni mwao.

Basi jiulize, Sophocles aliwaonesha nini watu waliokwisha kukijua kisa? Aliwaonesha siku moja ya uchunguzi. Mji wa Thebes umepigwa na maradhi, mazao yanaharibika, wanawake wanajifungua watoto maiti, na watu wamekaa mbele ya jumba la mfalme wameshika matawi ya kuomba. Creon, shemeji wa mfalme, anarudi kutoka Delphi na jawabu la Apollo kwamba muuaji wa mfalme wa zamani, Laius, yumo mjini na lazima aondolewe. Kuanzia hapo hadi mwisho, Oedipus ndiye anayeuliza, anayeita mashahidi, anayetisha na kuhukumu, na mtuhumiwa anayetafutwa ni yeye mwenyewe.

Sasa lirudie swali la mtihani na ulitazame kwa jicho hilo. Mara tatu katika siku hiyo Oedipus anaombwa asiendelee. Tiresias, mwaguzi kipofu, anaomba arudishwe nyumbani na kila mmoja abebe mzigo wake. Oedipus anamtukana mpaka anasema. Jocasta anamsihi, kwa ajili ya uhai wake mwenyewe, aache kuitafuta asili yake. Oedipus anadhani mkewe anaona haya kuolewa na mtoto wa mtumwa. Mchungaji mzee aliyekuwa wa Laius anamwomba kwa jina la miungu asimuulize zaidi. Oedipus anaamuru mikono yake ifungwe nyuma, na mzee anapolia kwamba amefika penye neno la kutisha kulisema, Oedipus anajibu kwamba naye amefika penye kutisha kulisikia, lakini ni lazima alisikie. Hakuna utabiri wowote uliosema kwamba atauliza mara hiyo ya mwisho, na hata hivyo aliuliza.

Unaweza kunipinga, na mwanafunzi mzuri angenipinga, kwamba hata uchunguzi huo uliamrishwa na Apollo kupitia Delphi. Ni kweli. Lakini Apollo alitaka muuaji aondolewe, na hakuamuru namna ya kumtafuta. Creon alipotaka kulisema jawabu la Delphi faragha, ndani ya jumba, ni Oedipus aliyemwambia aseme mbele ya watu wote. Ni Oedipus aliyemlaani muuaji hadharani, akaongeza kwamba laana hiyo impate yeye mwenyewe ikiwa mtu huyo anaishi nyumbani kwake kwa kujua kwake. Ukiyaandika haya, umekwisha kumzidi mtu aliyehadithiwa barazani.

Na usidhani kwamba umeteleza peke yako. Mwaka 1966 E. R. Dodds, aliyekuwa bingwa wa Kigiriki huko Oxford, alichapisha makala iliyoanzia katika majibu ya watahiniwa wa chuo hicho kuhusu tamthilia hii hii. Miongoni mwao walikuwamo waliosema kwamba Oedipus ni mtu mbaya aliyepata alichostahiki, na waliosema kwamba ni kikaragosi kinachovutwa kamba na miungu. Dodds aliyakataa yote mawili. La kwanza alilikataa kwa sababu mambo mabaya zaidi aliyoyafanya Oedipus aliyafanya bila ya kujua, na alikuwa amekimbia mji wa wale aliodhani ndio wazazi wake ili asiyafanye. La pili alilikataa kwa sababu yanayofanyika jukwaani anayafanya mtu huru, na kwa sababu miungu kujua kitakachotokea hakuna maana kwamba imemshika mtu mkono ili akitende.

Hapo ndipo ninapokuomba umpelekee babu yako salamu zangu, na umwambie kwamba sina ugomvi naye. Yeye amezungumzia imani, na katika imani tunafunzwa kwamba Mola anayajua yatakayokuwa kabla hayajawa, na papo hapo mja ataulizwa kwa alichokitenda. Mtu aliyelelewa katika mafunzo hayo amezoea tangu chuoni kuyabeba mambo mawili hayo pamoja bila ya kuliacha moja, na ndivyo hasa tamthilia hii inavyomtaka msomaji afanye. Kwa hiyo ulichokisikia kwa babu ni mtaji wako, mradi usiwachanganye Mola na miungu ya Wagiriki katika karatasi. Apollo wa Sophocles hasemi kwa nini jambo hili limpate Oedipus na si mwengine, na wala mchezo hautoi sababu. Msahihishaji hakuulizi unaamini nini. Anakuuliza mchezo unaonesha nini.

Kuna pahali pamoja ambapo mchezo wenyewe unalijibu swali lenu karibu neno kwa neno, nami nashangaa kuona madesa mengi yanaparuka. Jocasta amejinyonga. Oedipus amezichomoa pini za dhahabu zilizoifunga nguo ya Jocasta, akajichoma nazo macho, si mara moja, na sasa anatoka nje damu ikimtiririka mashavuni. Wazee wa kiitikio, yaani kundi la wazee wa mji linaloimba na kusema katika mchezo, wanamuuliza ni mungu gani aliyemsukuma. Anajibu kwamba ni Apollo, Apollo ndiye aliyeyatimiza mateso yake haya, lakini mkono uliopiga ulikuwa wake yeye na si wa mwengine. Liweke jibu hilo kichwani kwa maneno ya tafsiri iliyomo katika nakala yako, kwani tafsiri hazifanani.

Ukitaka kuona tofauti, aya yako ingeweza kuwa hivi:

"Majaaliwa yanaeleza kwa nini Oedipus ana siri ya kugunduliwa, lakini hayaelezi kwa nini aligundua. Jocasta, aliyekwisha kuujua ukweli, anamsihi asiendelee, na mchungaji naye anamsihi. Mara zote mbili anachagua kujua. Anapotoka akiwa kipofu anamtaja Apollo kuwa mletaji wa mateso, kisha anadai kwamba mkono uliompiga ni wake. Kwa hiyo Sophocles hachagui baina ya mungu na mtu, bali anamwonesha mtu anayeubeba kama wake hata ule mzigo ambao hakuutaka."

Aya hiyo ni ndefu kuliko yako, lakini tofauti yenyewe si urefu. Ina dai ambalo mtu mwengine anaweza kulikataa, ina watu wanaozungumza, na haina "tunajifunza kwamba". Maneno hayo mawili ya mwisho yaache kabisa; yanafaa kumalizia hadithi za sungura na fisi. Orodha ya dhamira iliyoandikwa peke yake ni sawa na orodha ya waliohudhuria arusi: haimwambii mtu nani amemuoa nani. Katika karatasi ya swali moja chukua dhamira mbili au tatu zinazoligusa swali, uziingize katika hoja moja, na zilizobaki ziache zikae daftarini.

Nikupitishe haraka katika hizo nyengine. Kuona na upofu kila mtahiniwa anakuandika, na wengi wanaishia kusema kwamba kipofu anaona na mwenye macho haoni. Ongeza kidogo. Oedipus alipata ufalme kwa kukifumbua kitendawili cha Sphinx, zimwi lililoutesa mji, ambacho wasimulizi wa Kigiriki wanatwambia kilihusu kiumbe anayekwenda kwa miguu minne asubuhi, miwili mchana na mitatu jioni, na jawabu lake ni binadamu. Kitendawili chenyewe hakimo katika maneno ya mchezo, kwa hiyo usikinukuu kana kwamba kimo. Kilichomo ni Oedipus kujivunia, mbele ya Tiresias, kwamba yeye alikifumbua kwa akili yake wakati mwaguzi alikuwa kimya. Mtu aliyemjua binadamu kwa jumla hakumjua binadamu mmoja, naye ni yeye mwenyewe.

Kiburi kinahitaji tahadhari zaidi. Aristotle, katika maandishi yake kuhusu ushairi na tanzia, aliitaja tamthilia hii mara kwa mara, na alisema kwamba anayefaa kuwa shujaa wa tanzia ni mtu asiyepita mpaka kwa wema wala si mwovu, ambaye anaanguka kwa kosa fulani. Madesa yameligeuza kosa hilo kuwa kasoro ya tabia, kisha yakaibandika jina la kiburi, na wanafunzi wakaandika kwamba Oedipus ameangamizwa na kiburi chake. Sawa, ana hasira za karibu, na yuko tayari Creon auawe kwa tuhuma tupu isiyo na ushahidi, andika hilo. Lakini hakumuua Laius kwa sababu ya kujiona mkubwa. Kwa maelezo yake mwenyewe walikutana penye njia tatu, akasukumwa pembeni, akampiga mwendesha gari aliyemsukuma, na mzee aliyekuwamo garini akampiga yeye kichwani kwa mchokoo kabla ya yeye kumlipizia mzee huyo, ingawa alilipiza kupita kiasi. Ukisema kiburi ndicho sababu ya yote, umemrudisha Oedipus kuwa mtu mbaya, na kisa kinakuwa chepesi kuliko kilivyo.

Kuhusu uongozi na maradhi ya mji, wataalamu wanakadiria kwamba mchezo uliigizwa Athens kiasi cha mwaka 429 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na mji huo ulipigwa na tauni mwaka mmoja kabla yake, yaani 430. Uhusiano huo unaelekea kuwepo, lakini uandike kwa neno "huenda", kwani tarehe ya mchezo ni makadirio. Na kwa kuwa umevunjika moyo kwa alama zako, jua kwamba imepokewa kutoka kwa watu wa kale kuwa katika mashindano ya mwaka huo Sophocles alishika nafasi ya pili.

Mama yako ana haki ya kuuliza, nawe mjibu kwa upole kwamba katika mchezo huu hakuna aibu inayooneshwa. Ndoa imetajwa kwa maneno ya kutisha na ya huzuni, kifo cha Jocasta na kutobolewa macho tunavisikia kutoka kwa mtumishi anayetoka ndani kuja kutoa habari, na hakuna mhusika hata mmoja anayelichukulia jambo hilo kwa wepesi. Mwalike akae nawe usiku mmoja umsomee ile sehemu ya mjumbe wa Corinth. Nadhani atataka kujua kinachofuata.

Sehemu hiyo hiyo ndiyo ningependa muisome kwa sauti pale dahalia, mmoja awe Oedipus, mmoja mjumbe, na wewe uwe Jocasta. Mjumbe amekuja na habari anazodhani ni njema: Polybus, mfalme wa Corinth, amekufa kwa uzee. Oedipus anafurahi, kwani hakumuua baba, lakini bado anamwogopa Merope, mama anayemjua. Mjumbe anataka kumwondoshea hofu, hivyo anamwambia kwamba hao hawakuwa wazazi wake. Yeye mwenyewe alimpokea akiwa kichanga kutoka kwa mchungaji wa Laius katika mlima Cithaeron, miguu yake ikiwa imetobolewa vifundoni. Aristotle aliichagua sehemu hii kuwa mfano wa mgeuko, kwa sababu aliyekuja kutuliza ndiye anayeangamiza.

Lakini wewe mtazame Jocasta. Muda wote huo wanaume wawili wanapozungumza habari za miguu ya mtoto, yeye yupo jukwaani na hana hata neno moja. Muda mfupi kabla alikuwa akimwambia mumewe asihofu maneno ya waaguzi, na mapema zaidi alimsimulia kwamba mwanawe mwenyewe alifungwa vifundo vya miguu na kutupwa mlimani. Usomapo sehemu yako, usome pia kimya hicho: simama, sikiliza, na ujiulize ni katika sentensi gani ya mjumbe ndipo Jocasta anapoelewa. Mwenzako atachagua sentensi nyengine, mtabishana, na kila mmoja atalazimika kurudi kitabuni kutafuta ushahidi. Ubishi huo ukiuandika kwenye karatasi unakuwa jibu la mtihani, na hutausahau kwa kuwa hukuukariri.

Nukuu chache fupi ni lazima uzijue kwa moyo, hilo sikukatazi. Chagua zinazoweza kutumika katika maswali zaidi ya moja: jibu la Apollo na mkono, maneno ya mchungaji na Oedipus penye ukingo wa kutisha, laana ya hadharani, na tusi la Oedipus kwa macho ya Tiresias. Andika maneno machache ya nukuu ndani ya sentensi yako mwenyewe, kisha useme yanafanya kazi gani pale yalipo.

Ama Antigone, muache. Mwenzako anadhani Sophocles aliandika kitabu kimoja chenye sehemu tatu, na sivyo. Tamthilia iitwayo Antigone huwekwa na wataalamu miaka kama kumi kabla ya hii, na ile ya Oedipus akiwa mzee huko Colonus iliigizwa mwaka 401 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, baada ya mtunzi kufariki. Kila moja inajitegemea, na mambo yake hayakubaliani yote na ya nyengine. Katika mchezo uliopangiwa, Antigone na Ismene ni watoto wasiosema kitu, wanaoletwa mwishoni ili baba yao awashike, kisha Creon anamwambia awaachie. Ukitaka kuwataja, wataje hapo, katika swali la hatia na nani anayeibeba, kwani Oedipus mwenyewe anauliza ni nani atakayekubali kuwaoa mabinti hawa.